Itafute Newala kwa Majina Yake Yote

Mwaka 1952 na 1953 wakazi wa Uwanda wa Makonde walikumbwa na homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo, kiasi cha mtu kushindwa kunyooka. Leo ugonjwa huo unajulikana dunia nzima kwa jina la chikungunya, jina lililochukuliwa kutoka Kimakonde. Sasa mwanafunzi wa Newala anayesoma afya ya jamii akitaka kuandika historia ya ugonjwa huu, ataingia katika ukurasa wa maktaba ya chuo chake, ataandika "chikungunya Newala" kwenye kisanduku cha kutafutia, na ataletewa makala chungu nzima: za India, za Brazili, za kisiwa cha Réunion. Zile za watu waliouchunguza ugonjwa huo hukohuko uwandani, wakati wagonjwa bado wanaugulia ndani, zinaweza zisionekane kabisa katika kurasa za mwanzo.

Sababu iko kwenye vichwa vya makala hizo. Mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha makala mbili katika jarida la Transactions of the Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene. Kichwa cha zote mbili kinaanza "An epidemic of virus disease in Southern Province, Tanganyika Territory, in 1952–53". Humo hamna Newala, hamna Makonde, hamna Tanzania, na neno chikungunya halimo. Mwaka uliofuata R. W. Ross akaandika juu ya kirusi chenyewe katika Journal of Hygiene, na makala yake ikaitwa "The Newala epidemic". Hapo Newala ipo, ila jina la ugonjwa halipo. Makala zilizoanzisha elimu yote ya ugonjwa huu zimeandikwa juu ya watu wetu, na mtoto wa watu haohao anaweza kuzipita bila kuzijua.

Maktaba nyingi za vyuo vikuu siku hizi zina chombo cha utafutaji wa pamoja: kisanduku kimoja kinachopekua kwa mara moja katalogi ya vitabu, majarida ya kulipia, hifadhidata na tasnifu za chuo. Ni chombo chema. Mwalimu wa Masasi anayesoma shahada ya uzamili kupitia kituo cha Chuo Kikuu Huria, au kijana wa chuo cha Stella Maris pale Mtwara aliyerudi kijijini kukusanya data, anakihitaji kuliko yule anayelala bwenini jirani na maktaba. Lakini chombo hiki hakijui Newala ni wapi. Kinajua herufi ulizoandika, basi. Na kwa kuwa mahali petu pameandikwa na wamisionari, maofisa wa Kijerumani, madaktari wa Kiingereza, wahandisi wa Kifini na watafiti wetu wenyewe, kila mmoja kwa jina lake, kazi ya kwanza ya mtafiti ni kuyakusanya majina hayo kabla ya kubofya chochote.

Inafaa kujua jinsi chombo kinavyofanya kazi, maana makosa mengi yanatokana na kukidhania uwezo kisio nao. Zamani kidogo kompyuta ya maktaba ilituma swali lako kwa kila hifadhidata, ikasubiri majibu, ikayaleta moja moja. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kuanzia mwaka 2009, kilipotoka chombo kiitwacho Summon, na mwaka 2010, ilipofuata EBSCO Discovery Service, mtindo ulibadilika: taarifa za mamilioni ya maandiko hukusanywa mapema katika faharasa moja kubwa, nawe ukitafuta unapekua faharasa hiyo. Mara nyingi kilichomo si makala yenyewe. Ni jina la mwandishi, kichwa, mwaka, ikisiri na maneno ya msingi; matini kamili huwamo kwa baadhi tu. Kwa hiyo mtu akiitaja Newala katika ukurasa wa saba, na ikisiri yake ikasema "kusini mwa Tanzania", ukiandika "Newala" humpati. Tena faharasa ina kile tu ambacho wachapishaji na maktaba wamekubali kukitoa. Ukikosa jibu, umekosa jibu la faharasa hiyo. Kuandika katika pendekezo la utafiti kwamba hakuna aliyewahi kuchunguza jambo fulani Masasi ni kutoa dai zito, na kisanduku kimoja hakitoshi kulibeba.

Chukua daftari, basi, uandike majina. Anza na utawala, kwa kupanda ngazi: Newala, kisha Mtwara, kisha Southern Province, kisha Tanganyika, kisha German East Africa na Deutsch-Ostafrika. Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara mwaka 1971, hivyo andiko la miaka ya 1960 likisema "Mtwara Region" linaweza kuwa linaizungumzia Kilwa au Nachingwea. Tandahimba ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Newala, na Nanyumbu ilikuwa sehemu ya Masasi. Ukilinganisha takwimu za wilaya za zamani na za sasa bila kulijua hilo, utapata mteremko wa idadi ya watu ambao haukutokea. Wajerumani nao waliandika Massassi, kwa s nne. Karl Weule, aliyepita Masasi na kukaa Newala mwaka 1906 akikusanya vitu na picha kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig, alitoa kitabu chake kwa Kijerumani mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza ya Alice Werner ikafuata mwaka 1909 kwa jina la Native Life in East Africa. Ni moja ya vitabu vyenye habari nyingi mno za uwanda huu, japo kimejaa majivuno ya kikoloni na kinahitaji kusomwa kwa jicho kali. Kwenye kichwa chake hukuti hata kijiji kimoja.

Halafu majina ya watu. Hapa lugha yetu ina jambo ambalo mashine hailielewi. Kwetu Makonde, Wamakonde, Kimakonde na Umakonde ni shina moja. Kwa mashine ni maneno manne yasiyojuana. Vyombo vingi vinakubali alama ya nyota mwishoni mwa neno, ili "initiat*" ilete initiation na initiates, lakini nyota ya mwanzoni kwa kawaida haifanyi kazi, na Kiswahili hubadilika mwanzoni. Huna budi kuyaandika yote na kuyaunganisha kwa OR, kwa herufi kubwa. Ukitafuta juu ya jando na unyago, jaribu hivi:

(Makonde OR Wamakonde OR Makua OR Makhuwa OR Yao OR Newala OR Masasi) AND (initiation OR jando OR unyago)

Mabano hufunga kila kundi la visawe, OR hupanua, AND hubana. Maneno mawili yanayopaswa kukaa pamoja yafunge kwa alama za mtajo, kama "Makonde plateau", la sivyo utaletewa pia maandiko yenye Makonde mahali pamoja na plateau mahali pengine kabisa. Na usikubali Kiingereza kitawale kisanduku peke yake. Tasnifu nyingi za fasihi na isimu zimeandikwa kwa Kiswahili, hasa zile za Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vichwa vyake ni vya Kiswahili. Anayeandika "riddles" na asiandike "vitendawili" anawapita wenzake waliomtangulia.

Utapata pia takataka, nazo zina mpangilio wake. Makonde ni wilaya ya Zimbabwe. Makonde ni wachongaji, na makala za sanaa ya vinyago ni nyingi kuliko za kilimo. Makonde wako Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, huko Mueda, na baadhi ya maandiko kuwahusu yatakufaa, mengine yatakupoteza. Jina Yao ni gumu zaidi, kwa kuwa kuna Wayao wa China, na waandishi wa makala za sayansi wenye jina la ukoo Yao ni wengi ajabu. Hapo ongeza AND (Tanzania OR Malawi OR Mozambique), au chagua neno litafutwe katika kichwa na mada tu, siyo katika jina la mwandishi. Neno NOT litumie kwa uangalifu: ukiandika NOT Mozambique utaitupa pia makala nzuri inayolinganisha pande mbili za mto.

Upande wa kushoto au wa kulia wa majibu kuna vichujio: mwaka, aina ya andiko, lugha, na kile cha makala zilizopitiwa na wataalamu. Vinasaidia kama anavyosaidia karani wa chama cha msingi anayechambua korosho kabla ya kupima, lakini ukichambua kwa haraka utatupa daraja la kwanza pamoja na chenga. Nitoe mfano wa korosho yenyewe, kwa kuwa sijui somo linaloandikwa zaidi na wanafunzi wa kwetu.

Uzalishaji wa korosho Tanzania ulifikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, kisha ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia ukala maua. Msimamizi akikuambia utumie marejeleo ya miaka kumi ya karibuni, nawe ukaweka kichujio hicho tangu mwanzo, umeifuta habari nzima ya anguko hilo na ya jinsi zao lilivyofufuliwa. Ukiweka kichujio cha majarida yaliyopitiwa na wataalamu, utaipata makala ya P. J. Martin na wenzake katika jarida la Crop Protection ya mwaka 1997, ambayo ni nzuri. Lakini mkutano wa kimataifa wa korosho na minazi uliofanyika Dar es Salaam Februari 1997, ambako watafiti walikusanya kazi zao juu ya zao hili, ulichapishwa kama kitabu cha mkutano. Kichujio hakikioni. Ushauri wangu: tafuta kwanza bila kichujio chochote, soma vichwa vya kurasa tatu za mwanzo, ndipo uanze kubana. Na sharti la miaka kumi lizungumze na msimamizi wako kwa heshima. Mueleze kwamba unaandika juu ya jambo lenye historia.

Jina la kisayansi nalo lina faida yake. Anacardium occidentale litakuletea makala ambazo hazikuandika cashew kwenye kichwa. Ubwiriunga utafute kwa "powdery mildew", kwa Oidium anacardii, na kwa Pseudoidium anacardii, maana wataalamu wa kuvu hubadilisha majina kadiri elimu inavyokua, na makala za zamani hubaki na jina la zamani.

Sura za vitabu ni shimo jingine. Mtu akiniuliza andiko gani moja la kuanzia juu ya jando la Kikristo la Masasi, lile ambalo Askofu Vincent Lucas wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alilisimamia, namwelekeza kwenye sura ya Terence Ranger, iliyotoka mwaka 1972 katika kitabu The Historical Study of African Religion alichokihariri pamoja na Isaria Kimambo. Jina la kitabu halisemi Masasi. Sura ndiyo inayosema, na katalogi nyingi hazishuki hadi kwenye sura. Vivyo hivyo kitabu cha Pekka Seppälä na Bertha Koda, The Making of a Periphery, cha mwaka 1998, kilichotolewa na taasisi ya Nordic Africa Institute ya Uppsala. Ndani yake mna sura juu ya maisha na uchumi wa kusini ambazo ungezitafuta mwezi mzima. Kinapatikana bure mtandaoni. Ukikutana na kitabu cha namna hii, fungua yaliyomo, kisha fungua marejeleo nyuma. Orodha ya marejeleo ya mtu aliyekaa kusini miaka mingi inazidi majibu ya mashine yoyote, na katika hilo sina shaka hata kidogo.

Sasa tuseme umekiona unachokitaka. Ukibofya kiungo cha matini kamili, chombo kinakupeleka nje, kwa mchapishaji, na huko unaweza kudaiwa dola. Usilipe. Rudi, hakikisha umeingia kwa akaunti yako ya maktaba, maana ukiwa nje ya chuo mchapishaji hakutambui. Akaunti hiyo ifungue na kuijaribu kabla hujapanda basi la kwenda kusini; nywila iliyokwisha muda wake ukiwa Newala ni wiki nzima ya kupiga simu. Uliza pia kama chuo chako kimejiandikisha Research4Life, mpango ambao ndani yake kuna HINARI ya afya na AGORA ya kilimo, unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya gharama kubwa bila malipo au kwa malipo kidogo. Halafu nakili kichwa cha makala ukitafute kwingine. Makala ya Ross kuhusu Newala inasomeka bure katika PubMed Central. Sarufi ya Kimakonde cha Chinnima, lahaja ya upande wa Newala, ambayo Pieter Kraal aliitetea kama tasnifu mwaka 2005, iko katika hazina ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Leiden. Majarida mengi ya Afrika yako katika tovuti ya AJOL. Kazi za Chuo Kikuu cha Sokoine ziko katika hazina ya chuo hicho, ambacho maktaba yake ndiyo maktaba ya taifa ya kilimo. Yote yakishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitano, wengi hujibu.

Bando ni fedha, kwa hiyo tenganisha kutafuta na kupakua. Ikisiri ni nyepesi, soma hizo kwa simu, weka alama kwenye zinazofaa, jitumie orodha, kisha pakua zote kwa pamoja mahali penye mtandao imara. Marejeleo yahifadhi katika Zotero, programu ya bure. Na kwenye daftari andika tarehe, maneno uliyotumia, chombo ulichotumia na ulichopata. Sura yako ya mbinu itahitaji hayo, na baada ya miezi mitatu hutakumbuka ulishajaribu nini.

Itafika siku kisanduku hakina la zaidi. Mradi wa maji vijijini wa Mtwara na Lindi, uliofadhiliwa na Ufini kuanzia miaka ya 1970, uliacha ripoti nyingi za kampuni ya Finnwater: visima, vyanzo, kina cha maji chini ya uwanda. Ripoti za aina hii hazikuuzwa dukani wala kutoka jaridani, na mwanafunzi wa maji anayezikosa atapima upya kilichokwishapimwa. Zitafute katika ofisi za maji za mkoa na wilaya, katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa Wafini wenyewe. Kwa korosho nenda Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Vitabu vya wilaya vya enzi ya mkoloni viko katika Kumbukumbu za Taifa. Karatasi za UMCA, tangu Askofu Steere alipowaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, ziko Oxford, na hizo zinahitaji barua na subira. Tena rudi kwa Lumsden: alipochunguza homa ya 1952 aliandika pia juu ya mbu waliokuwa majumbani na jinsi watu wa uwandani walivyohifadhi maji. Anayetafiti shida ya maji Newala atapata ushahidi wa miaka ya 1950 katika jarida la madaktari, mahali ambapo kichujio cha "uhandisi" kisingempeleka.

Mkutubi mwone mapema, kabla hujakata tamaa. Usimwambie "natafuta maandiko kuhusu korosho". Mpelekee swali lako lililoandikwa, orodha ya majina, na maneno uliyokwisha kujaribu. Shikamoo yako itapokelewa vizuri zaidi, na nusu saa yake itakuokolea mwezi.

Na tasnifu yako ikimalizika, iandikie ikisiri kwa kuwafikiria watakaokuja kuitafuta. Kwenye kichwa weka jina la kijiji au kata, wilaya na mkoa. Kwenye maneno ya msingi weka Kiswahili na Kiingereza, jina la kienyeji la kitu na la kisayansi: korosho, cashew, Anacardium occidentale, Newala, Mtwara, Makonde plateau. Uwe na ikisiri mbili, moja kwa kila lugha. Kisha hakikisha maktaba imeipandisha kwenye hazina ya chuo. Baada ya wiki kadhaa, fungua kisanduku kilekile, andika maneno yako, uone kama inatokea. Isipotokea, wapigie simu.